Kisima cha mnadani: shajara ya petroli ndani ya mwamba

Juni 9

Nimefika saa nne asubuhi. Mama anayeshika ufunguo wa pampu alikuwa ameketi chini ya mgunga, na bakuli la bati pembeni yake. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akanyanyuka bila maneno mengi. Alifungua bomba, akakinga maji nusu bakuli, akalifunika kwa kiganja. Tukasimama hivyo kama dakika moja, naye ananitazama usoni. Ndipo akalisogeza chini ya pua yangu na kufunua.

Petroli. Haikuhitaji kubahatisha.

"Yakitoka bombani hayanuki sana, mwanangu," akasema. "Yakifunikwa ndiyo yanasema ukweli."

Maabara nayo hufanya vivyo hivyo. Huweka maji kwenye kichupa, huacha nafasi ya hewa juu, hukipasha joto kidogo, kisha hupima ile hewa, kwa sababu petroli hutoka majini na kujikusanya pale. Mama huyu aligundua njia hiyo kwa bakuli na kiganja tangu kifuku kilichopita. Miezi yote hiyo aliambiwa ni grisi ya pampu.

Mji huu mdogo uko kando ya barabara kuu, kati ya Dodoma na Singida. Una visima virefu vitatu. Cha zahanati kiko mita 120 kutoka kituo cha mafuta, cha mnadani mita 340, na cha shule ya msingi mita 800. Kinachonuka ni cha mnadani. Cha zahanati, kilicho karibu zaidi, hakina harufu yoyote hata ukikifunika nusu saa.

Jioni tulikaa na mwenyekiti na wajumbe wake, tukakubaliana kufunga pampu ya mnadani. Haukuwa uamuzi mwepesi. Ukifunga kisima mwezi Juni huku, unawaambia akina mama waende lambo, na lambo linanywewa na ng'ombe. Tumeomba halmashauri boza la maji. Kwa sasa tumeelewana kwamba cha zahanati na cha shule vitabeba mzigo.

Juni 12

Sampuli kutoka visima vyote vitatu. Vichupa vya mililita 40, na tone la asidi ndani ili bakteria wasiendelee kula tunachokitafuta njiani. Unajaza hadi maji yanavimba mdomoni mwa kichupa, unafunga, unakipindua na kukigonga kwa kidole. Ukiona kiputo cha hewa hata kimoja, unamwaga na kuanza upya, maana benzini, ile sumu iliyomo ndani ya petroli, itahamia kwenye hiyo hewa na matokeo yatakudanganya. Nilirudia kichupa kimoja mara tano.

Vimeingia kwenye deli la barafu, likafungwa kwa gundi ya karatasi, na limeondoka na basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam. Konda nimemwomba asilipe kisogo.

Juni 24

Majibu yamekuja. Kisima cha mnadani: benzini mikrogramu 140 kwa lita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni 10. Zahanati na shule hakuna kilichoonekana.

Mwenyekiti aliniuliza ni mafuta kiasi gani yanayoweza kuharibu kisima namna hii, akidhani nitamtajia tangi zima. Tukapiga hesabu pamoja nyuma ya daftari lake. Chukua lita moja ya petroli ambayo benzini ni sehemu moja katika mia. Hiyo ni mililita 10 za benzini, uzito wake gramu 8.8 hivi. Ili zichanganyike na maji hadi zishuke kwenye mikrogramu 10 kwa lita, zinahitaji maji lita 880,000, yaani madumu 44,000 ya lita ishirini. Lita moja tu. Akalifunga daftari taratibu.

Juni 26

Swali ambalo kila mtu ananiuliza, kuanzia mganga wa zahanati hadi vijana wa bodaboda: kwa nini kisima cha karibu ni safi na cha mbali ndicho kichafu?

Kwenye mchanga, maji hupita kila mahali kati ya punje, na uchafu hutanuka kama wino kwenye kitambaa. Hapa tuko juu ya graniti kongwe ya katikati ya nchi, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Juu kuna udongo, chini yake ule ambao mafundi wa kuchimba wanauita mwamba uliooza, kisha jiwe gumu. Jiwe lenyewe karibu halipitishi maji. Yanayopita yanapita kwenye nyufa, na nyufa hazilingani nguvu. Ufa wenye upana wa milimita moja, msukumo ukiwa uleule, hupitisha maji mara elfu moja kuliko ufa wa sehemu ya kumi ya milimita, maana mtiririko unafuata upana uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Kwa hiyo ufa mmoja mpana unaweza kubeba karibu maji yote ya eneo zima, na ule wa jirani yake usibebe kitu.

Kwenye picha ya satelaiti nimeona mstari wa miti mikubwa unaotoka nyuma ya kituo cha mafuta, unakata korongo, unapita mnadani, na kuendelea upande wa shule. Miti imeufuata unyevu wa ufa. Zahanati iko pembeni ya mstari huo.

Mstari unaendelea upande wa shule. Nimeliandika hilo mara mbili kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi. Maji ya mwambani yanakwenda kasi kuliko watu wanavyodhani, na mwamba hauchuji kama mchanga. Mei 2000, katika mji wa Walkerton huko Ontario, Kanada, mvua kubwa ilisukuma vijidudu vya samadi hadi kwenye kisima kifupi kilichovuta maji ya mwamba wenye nyufa, na dawa ya kuua vijidudu haikutosha. Watu 7 walikufa, zaidi ya 2,000 waliugua. Kule ilikuwa chokaa na kinyesi cha mifugo, hapa ni graniti na petroli, lakini njia ya maji ni ya aina moja.

Julai 3

Nimeketi siku nzima na madaftari ya kituo cha mafuta. Kila asubuhi wanazamisha kijiti tangini, wanaandika kina, wanalinganisha na mauzo. Upungufu wa lita kumi au ishirini kwa siku hakuna aliyeutilia maanani, kwa sababu joto hupanua mafuta, na kijiti husomwa na macho ya mtu. Ila upungufu ule unaangukia upande mmoja kila siku. Lita 15 kwa siku hazionekani. Kwa mwaka ni lita 5,475.

Mwenye kituo hajabisha. Tangi limeanza kumalizwa mafuta leo.

Julai 15

Mtambo wa kuchimba umewasili. Tumepima ukinzani wa umeme ardhini kwa siku nne kuvuka ule mstari wa miti, na ufa umejionyesha kama bonde jembamba kwenye mchoro. Tunachimba mashimo matatu madogo ya uchunguzi.

Naandika kosa langu hapa ili lisirudiwe na wengine. Shimo namba 2 tulilichimba hadi mita 60 jioni, kompresa ikaisha mafuta, nikaruhusu liachwe wazi hadi asubuhi. Usiku huo maji yenye petroli kutoka ufa wa juu yalishuka ndani ya shimo langu. Asubuhi nilipoteremsha chombo cha kuchotea hadi chini, kilirudi na harufu. Mwamba wa mita 60 pale ulikuwa safi jana yake. Nimeuchafua mimi kwa uzembe wa usiku mmoja. Tumelijaza shimo kwa saruji na bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa, kabla ya saa tano. Mashimo mengine hayataachwa hata saa moja bila kuzibwa katikati.

Jambo jingine: nyundo ya hewa inapuliza upepo mwingi ndani ya shimo, na upepo huo unafukuza benzini majini. Sampuli ya siku ya kuchimba haina maana. Tunasubiri wiki mbili.

Julai 29

Hii ndiyo siku ya kazi yote, na iligharimu paketi tatu za chumvi.

Kisima cha mnadani kina kina cha mita 92. Bomba la kinga lilishushwa mita 18 tu, kuzuia udongo. Kuanzia hapo hadi chini ni mwamba mtupu, shimo wazi. Visima vingi vya huku vimejengwa hivyo, kwa sababu ni nafuu na nyufa zote zinachangia maji. Maji yamesimama mita 14 kutoka juu. Nilitaka kujua maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi wakati hakuna anayepampu.

Tulinunua kilo moja na nusu ya chumvi dukani pale mnadani, ya kupikia ugali na mboga. Tukaikoroga kwenye ndoo, tukateremsha mpira mwembamba hadi sakafuni mwa kisima, tukawa tunamimina huku fundi akiuvuta mpira juu polepole, kwa mwendo uleule, ili chumvi ienee sawasawa toka chini hadi juu. Kisha nikawa nateremsha kipimo cha upitishaji umeme, mita kwa mita. Maji ya kawaida ya kisima hiki husoma mikrosimensi 900 kwa sentimita. Yenye chumvi yalisoma karibu 2,800 kila mahali.

Saa moja baadaye, kwenye mita 27, namba ilikuwa imeanguka hadi 1,000. Maji mapya yalikuwa yanaingia hapo. Nikangoja. Saa ya pili, maji yasiyo na chumvi yalikuwa yameshafika mita 45. Saa ya tatu mita 53. Yalikuwa yanashuka kama mtu anayeteremka ngazi. Saa ya tano yalifika mita 71, na hapo yakakoma. Chini ya mita 71 chumvi ilibaki palepale hadi asubuhi, haikusogea.

Maana yake ni hii. Ufa wa mita 27, ambao ndio unaotoka kituo cha mafuta, unamimina maji ndani ya kisima, yanashuka mita 44 ndani ya shimo tulilochimba sisi wanadamu, na kuingia kwenye ufa wa mita 71. Kati ya nyufa hizo mbili hakuna njia nyingine niliyoweza kuiona kwenye kamera. Ni jiwe gumu. Kisima ndiyo njia.

Nilikokotoa nikiwa nimekaa juu ya ndoo. Mita 44 za shimo la inchi sita ni lita 800. Kwa saa tano, ni lita 160 kila saa. Pampu ilipokuwa inafanya kazi mchana, ilikuwa inayavuta maji mengi kati ya hayo na kuyarudisha juu, ndiyo maana watu waliyanusa. Usiku yalishuka, mchana yalirudi, ingawa si yote.

Kisha nikahesabu siku tangu tufunge pampu. Hamsini. Saa 24 kila siku, lita 160 kila saa. Lita 192,000 za maji ya petroli zimeshuka kwenye ufa wa chini tangu siku niliyofika na kusema fungeni.

Kufunga kulikuwa sahihi kwa midomo ya watu na ningewaambia wafunge tena leo. Lakini nilipaswa kuziba kisima chenyewe siku ileile, siyo pampu tu. Nimemweleza mwenyekiti usiku huu bila kupunguza kitu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Na ule ufa wa chini, binti yangu, unakwenda wapi?"

Kisima cha shule kina mita 85.

Julai 31

Pakeri imeshuka. Ni mfuko wa mpira mnene unaoteremshwa ukiwa umenywea, kisha unajazwa upepo hadi unabana kuta za shimo. Tumeiweka mita 45. Dakika ishirini baada ya kuibana, maji ya juu yalipanda hadi mita 13.2 na ya chini yakashuka hadi 15.0. Hiyo tofauti ya mita 1.8 ndiyo iliyokuwa inasukuma. Mfereji umefungwa.

Sampuli za kila ufa peke yake: juu mikrogramu 410 kwa lita, chini 360.

Agosti 1 hadi 5

Kama ufa wa chini ulikuwa mchafu tangu zamani, ukipampu sana namba haitabadilika. Kama uchafu ni ule ulioshushwa na kisima, basi ukipampu utayavuta yaleyale yaliyoingia na namba itashuka. Tumepampu usiku na mchana, lita 2,000 kwa saa, jenereta likinguruma hadi watoto wa jirani wakazoea kulala nalo. Maji yote yamepita kwenye mapipa mawili ya mkaa amilifu, mkaa maalumu unaonasa sumu, kabla ya kumwagwa shambani. Saa 96, yaani lita 192,000, sawa na tulizopoteza.

Namba: 360, 310, 205, 90, na leo asubuhi 35.

Yamerudi mengi. Hayakurudi yote.

Agosti 14

Kisima cha shule: mikrogramu 4.

Ni chini ya mwongozo wa 10. Nimewaambia wazazi hivyo, na nimewaambia pia kwamba miezi miwili iliyopita haikuwepo kabisa. Mkutano ulifanyika darasani, watu wazima wamekaa kwenye madawati ya watoto. Baba mmoja aliuliza kama nami ningempa mwanangu maji hayo. Nilijibu kwamba kwa 4 ningempa, kwa 10 nisingempa, na kwamba nitapima kila wiki mbili na kubandika karatasi ya majibu mlangoni mwa ofisi ya mwalimu mkuu, yawe mazuri au mabaya.

Kila pampu ya shule inapowaka inavuta maji ya ufa ule kuelekea kwake. Tumepunguza saa za kupampu kutoka nane hadi tatu kwa siku, na boza linajaza pengo. Boza lilichelewa siku mbili wiki hii. Siku mbili hizo watu walikwenda lambo.

Agosti 27

Tangi limefukuliwa. Kwenye maungio ya chini, tundu la ukubwa wa punje ya karanga. Udongo wa kuzunguka umetolewa hadi mwamba uliooza, umetandazwa juu ya turubai na kugeuzwa kwa majembe kila siku ili uingie hewa.

Septemba 18

Leo tumeziba sehemu ya chini ya kisima cha mnadani moja kwa moja. Unashusha bomba hadi sakafuni na kusukuma uji wa saruji kutoka chini kwenda juu, ili usukume maji mbele yake na usiache mapango. Tumeuchanganya na bentonaiti kidogo usinywee ukikauka. Hesabu ilisema mifuko 30. Imekwenda 37, kwa sababu ufa wa mita 71 nao ulikunywa sehemu yake. Tumesimamisha saruji kwenye mita 33. Kilichobaki juu ya hapo kinafungua ufa mmoja tu, ule wa mita 27.

Kwa hiyo kisima hiki hakijafa. Kimebadilishwa kazi. Kilichokuwa kinanywesha watu sasa kitakuwa kinavuta sumu. Mama mwenye ufunguo alikuja kutazama mfuko wa mwisho ukimiminwa. Alikishika kile kisima miaka kumi na moja. Tumempa yeye daftari jipya la kusoma mita ya pampu asubuhi na jioni, kwa malipo, na ameandika tarehe ya kwanza kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Oktoba 10

Mtambo wa kusafisha umewashwa. Nauelezea kwa sababu wahandisi wa wilaya mbili wameniuliza, na vifaa vyake vyote vinapatikana nchini.

Pampu ndogo inavuta lita 500 kwa saa kutoka mita 27. Tunavuta kidogo makusudi. Kwenye mwamba wa nyufa ukivuta kwa nguvu unakausha ufa mpana, maji yanakimbilia humo kutoka mbali, na petroli iliyonasa kwenye nyufa ndogo inabaki pale ilipo. Ukivuta kidogo bila kukoma, unageuza tu uelekeo wa maji: badala ya kwenda shule yanakuja kwako.

Maji yanapanda hadi juu ya bomba pana la plastiki lililosimamishwa, mita tatu na nusu, ndani limejazwa vipande vya mabomba membamba. Yanadondoka yakivunjikavunjika, na chini feni inapuliza upepo kwenda juu. Benzini hutoroka majini kirahisi, inaondoka na upepo huo. Upepo ule unapitishwa kwenye pipa la mkaa amilifu kabla ya kuachiwa. Maji yanapita kwenye pipa jingine, yanaingia tangi la lita 5,000, yanapimwa, kisha yanatumika kufyatulia matofali tu. Kule kituoni, feni nyingine inanyonya mvuke wa petroli kutoka mwamba uliooza juu ya usawa wa maji.

Maji yanayoingia: 395. Yanayotoka: chini ya kiwango cha kuonekana.

Novemba 6

290.

Novemba 20

235. Pia nimepima vitu vingine kwenye ufa wa juu. Oksijeni hakuna kabisa. Naitreti, ambayo visima vya huku huwa nayo kwa sababu ya vyoo na mazizi, imekwisha. Salfeti imepungua hadi robo ya ile ya zahanati, na chuma kilichoyeyuka kimepanda. Hizo ni alama za meza iliyokwisha kuliwa. Bakteria wa mwambani wanakula petroli, na kila wanapokula wanatumia oksijeni kwanza, kisha naitreti, kisha chuma, kisha salfeti. Wamefika mbali bila msaada wowote.

Hapo tuna bahati ambayo wengine hawana. Huko West Trenton, New Jersey, Marekani, kwenye kituo cha zamani cha jeshi la majini kilichokuwa kikijaribu injini za ndege, trikloroethilini, kemikali ya viwandani yenye sumu, ilizama kwenye mwamba wa tope gumu. Ni nzito kuliko maji, haielei, inashuka ufa kwa ufa. Wamekuwa wakivuta na kusafisha maji tangu miaka ya 1990, na wataalamu wa huko walionyesha kwamba sumu ilikuwa imepenya hadi ndani ya vitundu vya jiwe lenyewe. Ukisafisha ufa, jiwe linairudisha taratibu, mwaka baada ya mwaka. Wameongeza hata bakteria maalumu wa kuila. Graniti yetu ina vitundu vichache mno, na petroli inaelea, na inalika. Ila mwamba uliooza juu yake ni kama sifongo, na sidhani umemaliza kutoa kilichomo.

Desemba 4

160. Kisima cha shule: 2.

Mwalimu mkuu amebandika karatasi mwenyewe kabla sijafika mlangoni.

Desemba 22

Mvua ya kwanza ya kifuku. Milimita nane, ardhi imeinywa yote.

Watu wanafurahi, nami ninatazama mawingu kwa namna nyingine mwaka huu. Kwenye bonde la Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, usawa wa maji ya visima umekuwa ukipimwa tangu miaka ya 1950, na utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba maji ya chini ya ardhi pale hayajazwi kidogokidogo kila mwaka. Hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, na katikati yake yanapungua tu. Kama mwamba wetu una tabia hiyo, basi petroli iliyonata kwenye mwamba uliooza inaweza kukaa hapo kimya miaka kadhaa, kisha ikasukumwa yote kwa wiki moja.

Nimeagiza mapipa mawili zaidi ya mkaa.

Januari 11

Siku tatu mfululizo za mvua, milimita 118 kwenye kipimo cha shule. Korongo limejaa. Usawa wa maji kwenye kisima cha mnadani umepanda mita 2.6 kwa siku mbili.

Januari 15

Ufa wa juu: 290. Ulikuwa 160.

Ndicho nilichokiogopa, na kimekuja kwa kiasi tunachokiweza. Maji yamepanda hadi kwenye mwamba uliooza, yameosha kilichokuwa kimenata humo na kukileta kwenye ufa. Tumeongeza pampu hadi lita 800 kwa saa na kubadilisha mkaa wa pipa la kwanza, ambao ulianza kupitisha.

Januari 29

Ufa wa juu 255. Maji yanayotoka mtamboni, hakuna kitu.

Kisima cha shule, sampuli ya kwanza baada ya mvua kubwa: hakuna kilichoonekana. Nikaomba maabara ipime kichupa cha akiba. Hakuna. Ufa wa mita 71 haukupata chochote kutoka juu, ingawa juu kulichafuka karibu maradufu. Saruji imeshika.

Boza tumelibakiza mwezi mmoja zaidi, hadi sampuli mbili nyingine. Mama mwenye daftari alinipigia simu saa kumi na mbili jioni: mita ya pampu imesimama, umeme umekatika tangu saa tisa. Nimemwomba fundi apande na jenereta kwa basi la alfajiri.

Januari 30

Pampu imewashwa saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Lita 800 kwa saa.